Hisa za Mzee katika Benki Iliyoishiwa Mtaji

Mzee wetu aliacha nyumba Temeke, kiwanja Chanika na hisa 10,000 za benki moja ndogo. Nyumba ina wapangaji na kiwanja kina mipaka inayojulikana, kwa hiyo hivyo viwili tulivimaliza bila kupandishiana sauti. Hisa ndizo zilizotukalisha vikao mpaka watu wakaanza kukwepa simu. Benki ilikuwa imeishiwa mtaji. Ikaja na waraka wa kuwauzia wanahisa wake hisa mpya, na baadaye ikaja na mwekezaji. Kwetu hakuna aliyekuwa amewahi kupitia jambo la namna hiyo, na bado kila mmoja alikuwa na uhakika wake.

Benki siitaji jina, na namba zake nimezizungusha ili isitambulike na ili hesabu ifuatike kwa kalamu na karatasi. Mimi natunza vitabu vya duka la vipuri Gerezani. Kusoma mizania ya duka, yaani hesabu ya mali na madeni yake, nimezoea. Ya benki nilijifunzia humo humo kwenye mvutano.

Waraka ulifika kwa jina la marehemu, kwenye sanduku la posta la shule aliyostaafia. Ulisema kwamba kwa kila hisa moja uliyonayo una haki ya kununua tatu mpya kwa shilingi 200 kila moja. Hizi ndizo wanazoziita hisa stahiki: kabla benki haijauzia watu wa nje, wanahisa waliopo wanapewa nafasi ya kwanza, kila mtu kwa kadiri ya alichonacho. Kwenye bei za Soko la Hisa la Dar es Salaam, hisa hiyo hiyo ilikuwa imesimama shilingi 500. Kuchukua haki yote ya Mzee kulihitaji shilingi milioni 6.

Kaka mkubwa aliusoma waraka mara moja akautupa mezani. "Wanatuuzia mali yetu wenyewe, na tusiponunua wanaigawa kwa wengine. Huu ni wizi wenye muhuri." Shangazi, dada yake marehemu, aliona neema. Yeye na Mzee walinunua hisa zao siku moja, yeye 4,000, enzi zile vipeperushi vilipokuwa vinagawiwa mpaka makanisani na misikitini. Hesabu yake ilikuwa fupi: kitu cha 500 kinauzwa 200, anayekataa ana lake jambo. Akaenda kwenye Saccos yake kukopa milioni 2.4 za kuchukua hisa zake mpya 12,000.

Nilimwambia, "Shangazi, subiri kidogo niusome wote." Akanijibu, "Mwanangu, soma wewe, mimi dirisha linafungwa."

Kwa asiyejua, amana unayoweka benki ni deni la benki kwako. Mtaji ni kinachobaki mkononi mwa wanahisa baada ya madeni yote kutolewa, na kazi yake kubwa ni kumeza hasara kabla haijamfikia mwenye amana. Mkopo ukiacha kulipwa unakuwa chechefu, na benki inatakiwa kutenga fedha za kuufidia. Fedha hizo hutoka kwenye faida. Faida ikiisha, hutoka kwenye mtaji. Sheria inadai mtaji wa msingi usiopungua asilimia 10 ya mali za benki zilizopimwa kwa uzito wa hatari (mikopo na mali nyingine, kila moja ikihesabiwa kwa kadiri ya hatari yake), na mtaji wote usiopungua asilimia 12, tena benki ya biashara iwe na mtaji wa msingi wa angalau shilingi bilioni 15. Ikishuka chini ya hapo, njia zilizobaki ni chache. Wanahisa wachange, aingie mwenye fedha kutoka nje, wanaoidai wakubali madeni yao yageuzwe hisa, iungane na benki nyingine. La sivyo Benki Kuu inaamua.

Na Benki Kuu huamua kweli. Tarehe 4 Januari 2018 ilifuta leseni za benki tano kwa siku moja kwa sababu ya upungufu wa mtaji: Covenant, Efatha, Njombe, Kagera na Meru. Ilikuwa miaka ambayo mikopo chechefu ilizidi asilimia 10 ya mikopo yote ya mabenki nchini. Wenye amana walikuwa na Bodi ya Bima ya Amana nyuma yao, wakati ule kwa kiwango cha juu cha shilingi milioni 1.5 kwa mtu. Mwenye hisa hana bima yoyote. Benki ikifilisiwa, yeye ndiye wa mwisho kwenye foleni, na mara nyingi foleni inakatika kabla hajafikiwa. Hili nililisema kwenye kikao cha kwanza na likazua ukimya, kwa sababu nusu ya ndugu walikuwa wanaamini hisa ni aina ya akiba.

Sasa tulikuwa na tatizo lingine kabla hata ya kuamua. Mwanahisa alikuwa amefariki, na waraka unamtaka mwanahisa atie sahihi. Kijana wa ofisi ya dalali wa hisa mjini alitazama cheti cha kifo, akatupa pole, kisha akasema bila barua ya usimamizi wa mirathi hawezi kugusa kitu. Sisi hatukuwa hata na muhtasari wa kikao cha ukoo, kwa sababu baba mdogo alitaka msimamizi awe mtoto wa kiume na mama alitaka niwe mimi. Kufikia siku tuliyokubaliana na kufungua shauri Mahakama ya Mwanzo, dirisha la hisa stahiki lilikuwa limekaribia kufungwa, na lilifungwa tukiwa bado tunasubiri muda wa tangazo upite.

Kwa hiyo, kama mzazi wako ana hisa mahali, fuatilia mapema. Jua namba ya akaunti yake ya CDS, yaani akaunti ya kielektroniki zinamotunzwa hisa, jua ni dalali gani aliifungua, na hakikisha anwani na simu zilizoandikwa humo ni zinazotumika. Mzee wetu alikuwa na namba ya simu ya mtandao ambao siku hizi haupo. Akifariki, mjulishe dalali na msajili wa hisa mara moja, hata kabla barua ya mahakama haijatoka. Hawatakuruhusu kununua wala kuuza, lakini matangazo yatakufikia wewe. Warithi nao wafungue akaunti zao mapema. Kitambulisho cha NIDA, picha, fomu, basi, na siku hizi hata kwa simu inawezekana.

Turudi kwenye hesabu, maana hapo ndipo ugomvi ulipokuwa.

Kijana wa dalali alinionyesha hesabu inayofundishwa. Una hisa moja ya 500, unaongeza tatu za 200, jumla 1,100 kwa hisa nne, kila moja inakuwa 275. Ukilipa, hisa 40,000 kwa 275 ni milioni 11, yaani milioni 5 ulizokuwa nazo na 6 ulizoongeza. Hukupata, hukupoteza. Ukikaa kimya, hisa zako 10,000 zinakuwa milioni 2.75. Zile milioni 2.25 zilizobaki zimo ndani ya haki ya kununua ambayo umeiacha ipotee, na kama waraka unaruhusu haki hiyo kuuzwa, ungeiuza kwa 75 kila moja ukarudi kwenye milioni 5 zako. Kwa hesabu hii kaka alikuwa na pointi: anayenyamaza anakatwa.

Nilitoka pale na wasiwasi wa kweli, kwamba baba mdogo na ubishi wake wametupotezea milioni mbili na ushee. Usiku sikulala vizuri. Nilimchukia kidogo, nikiri.

Kilichonitoa kwenye hasira ni kujiuliza ile 500 imetoka wapi. Hisa za benki ndogo pale sokoni zinaweza kukaa miezi bila kuuzwa hata moja. Bei unayoiona ni ya mara ya mwisho watu wawili walipokubaliana, na hao wawili huenda walikubaliana kabla mikopo haijaoza. Nikamuuliza yule kijana: nikileta hisa 10,000 leo, nani ananunua kwa 500? Akacheka. "Dada, hata kwa 300 sikuahidi." Basi hesabu nzima iliyojengwa juu ya 500 ilikuwa inaning'inia hewani.

Nikatafuta taarifa za robo mwaka. Benki zetu zinalazimika kuzichapisha gazetini, ukurasa mmoja wenye maandishi madogo. Wengi wanatazama mstari wa faida halafu wanageuza. Mimi nilitafuta mistari mitatu: fedha za wanahisa, jumla ya mikopo chechefu, na kiasi kilichotengwa kufidia mikopo hiyo. Fedha za wanahisa zilikuwa bilioni 24. Mikopo chechefu ambayo bado haijatengewa kitu ilikuwa bilioni 14. Ukiichukulia yote imekufa, mtaji wa kweli ni bilioni 10. Hisa zote za benki zilikuwa milioni 60, kwa hiyo kila moja ilikuwa na thamani ya kama shilingi 167 nyuma yake. Wakati huo ubao wa soko ulisema 500, na mizania, bilioni 24 kwa hisa milioni 60, ilisema 400.

Nilikaa na hiyo 167 kwenye daladala mpaka nikapitiliza kituo. Maana yake ni kwamba shangazi, aliyelipa 200, hakupata punguzo lolote. Alilipa zaidi ya thamani. Na sisi tuliochelewa? Hisa zilizonunuliwa kwenye toleo lile zilikuwa milioni 90 tu kati ya milioni 180 zilizotangazwa, zikaleta bilioni 18. Bilioni 10 na 18 ni 28. Gawa kwa hisa milioni 150, unapata karibu 187. Sehemu yetu ya umiliki ilikuwa imeshuka kutoka moja kati ya 6,000 hadi moja kati ya 15,000, lakini thamani iliyoko nyuma ya kila hisa ya Mzee ilipanda kutoka 167 hadi 187. Waliolipa walikuwa wametubeba.

Hapa ndipo mjadala wa kupunguzwa umiliki unapochanganya watu, na mimi ulinichanganya. Kuna mambo mawili tofauti. Asilimia yako inashuka kila hisa mpya zinapotolewa na wewe hujachukua. Hilo halina mjadala. Thamani yako inashuka pale tu hisa mpya zinapouzwa chini ya thamani ya kweli. Hasara yetu kubwa, ile ya kutoka 500 au 400 hadi 167, haikuletwa na waraka. Ililetwa miaka ya nyuma, mkopo mmoja mmoja, na waraka ulikuja kututolea hesabu.

Nisidanganye kwamba bilioni 14 zote lazima zilikuwa zimekufa. Nyuma ya mikopo kuna dhamana, nyumba na viwanja, na baadhi hupigwa mnada hela ikarudi. Ukiamini nusu itarudi, mtaji wa kweli ni bilioni 17 na picha inageuka: ongeza bilioni 18, gawa, inakuja 233, na aliyelipa 200 amepata unafuu. Kila kitu kiko kwenye imani yako juu ya namba hiyo moja. Mimi nimeona kesi za dhamana zinavyozunguka mahakamani, nikachagua kuamini vibaya.

Nilipoanza kusoma habari za nje niliona watu wenye fedha kuliko sisi wamepita huko huko. Royal Bank of Scotland iliomba wanahisa wake pauni bilioni 12 mwaka 2008, kwa pensi 200 kwa hisa, chini sana ya bei ya soko wakati ule. Mwaka huo huo, Oktoba, serikali ya Uingereza ililazimika kuingia kuiokoa, na hatimaye ikashika karibu asilimia 84. Waliolipa zile pensi 200 walikwenda mahakamani wakidai waraka uliwapotosha, na mwaka 2017 wengi wakakubali fidia ya pensi 82 kwa hisa. Banco Popular ya Hispania ilichangisha yuro bilioni 2.5 mwaka 2016 kwa yuro 1.25 kwa hisa. Juni 2017 ikauzwa kwa Santander kwa yuro moja, benki nzima, wanahisa wakabaki na sifuri. Credit Suisse ilichangisha faranga bilioni 4 mwishoni mwa 2022, wanahisa wakilipa faranga 2.52. Machi 2023 UBS iliichukua kwa bei ya kama senti 76 za faranga kwa hisa.

Majirani zetu wa Kenya nao, National Bank of Kenya ilipochukuliwa na benki ya KCB mwaka 2019, mwanahisa alitoa hisa 10 akapewa moja ya KCB. Kabla ya hapo hisa za upendeleo (zinazotangulizwa kwenye gawio) za serikali na mfuko wa NSSF ziligeuzwa kuwa za kawaida, hivyo wadogo walikuwa wamekwisha kubanwa hata kabla ya kubadilishana. Hilo ni la kuangalia kwenye taarifa za mwaka: kuna nani mwenye karatasi inayoweza kugeuka hisa kesho? Kwetu hakukuwa nazo.

Upande wa pili upo, na ni haki kuutaja. UniCredit ya Italia ilichangisha yuro bilioni 13 mwaka 2017 kwa yuro 8.09 kwa hisa. Mwaka 2024 hisa hiyo ilipita yuro 30. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba wao kwanza walikubali hadharani hasara ya karibu yuro bilioni 12, wakauza rundo la mikopo mibovu, ndipo wakapitisha kofia. Aliyetoa fedha alijua shimo lina kina gani. Tena kuongeza mtaji si lazima iwe dalili ya ugonjwa. CRDB mwaka 2015 iliuza hisa moja mpya kwa kila tano, kwa shilingi 350, ikapata shilingi bilioni 152 za kukuza biashara. Mtu anayeikimbia kila benki inayoomba mtaji atakimbia na nzuri.

Kwa hiyo ukipata waraka wa namna hii, kabla ya kufungua ukurasa wa picha za wakurugenzi, nenda kwenye matumizi ya fedha. Kama imeandikwa "kuimarisha uwiano wa mtaji" na hakuna kingine cha kueleweka, fedha yako inafukia shimo. Shimo si lazima liwe baya, lakini pima kina chake kwa ile mistari mitatu ya gazeti. Tazama pia nani ameahidi kuchukua hisa zitakazobaki, kama wapo. Kwetu hakuwapo. Tazama kiwango cha chini ambacho toleo likishindwa kukifikia fedha zinarudishwa, na kama wakurugenzi na wanahisa wakubwa wamesema wazi watachukua haki zao. Kwenye waraka wetu mwanahisa mkubwa kuliko wote "alikuwa anatafakari". Yaani mtu aliyekaa karibu na jikoni anatafakari kula! Hilo peke yake lilitosha kumfanya mwalimu mstaafu afunge pochi.

Toleo lilipotoa nusu tu ya kilichotakiwa, benki ilirudi na mwekezaji wa kimkakati. Yeye aliletewa vitabu vyote, akapewa muda wa kuvichambua, ndipo akasema bei: shilingi 150, hisa milioni 150, nusu ya benki. Ili hisa ziende kwake bila kupitia kwa wanahisa waliopo lilihitajika azimio maalumu, robo tatu ya kura. Wakati huo barua ya usimamizi ilikuwa imetoka kwa jina langu, nikaenda mkutanoni kama msimamizi wa mirathi, na fomu ya uwakilishi ya shangazi nikiwa nimeiwasilisha kabla ya saa zilizowekwa. Fomu ikichelewa hawakuhesabu, na pale mlangoni niliona wazee wamerudishwa.

Ukumbi ulijaa. Nusu saa ya kwanza ilikwenda kwenye utambulisho na malalamiko ya nauli. Mzee mmoja alisimama akauliza gawio liko wapi tangu mwaka ule, akashangiliwa, akakaa bila kujibiwa. Nilipopewa kipaza sauti niliuliza moja tu: katika mikopo chechefu yote, ni kiasi gani hakijatengewa fedha, na bei ya 150 imejengwa juu ya kudhani kiasi gani kitarudi? Mwenyekiti alisema ni swali zuri la kitaalamu na litajibiwa kwa maandishi. Sijapata maandishi hayo.

Nilipiga kura ya ndiyo, ya Mzee na ya shangazi pia baada ya kuongea naye kwa simu nje ya ukumbi. Kwa kalamu, mwekezaji alitukata: bilioni 28 na zake 22.5 ni 50.5, gawa kwa hisa milioni 300, inakuja 168. Kutoka 187. Huko ndiko kupunguzwa kwa kweli, asilimia na thamani pamoja. Lakini bila yeye benki ilikuwa bado iko chini ya kiwango, na nilikuwa na ile tarehe ya Januari 2018 kichwani. Kaka hakunielewa. Alisema nimeuza jasho la Mzee kwa wageni, akakaa wiki kadhaa bila kupokea simu zangu. Nilimwekea hesabu kwenye karatasi nikamtumia kwa WhatsApp: sehemu yetu sasa ni moja kati ya 30,000, moja ya tano ya ile ya awali, benki ikija kupata faida ya bilioni 6 na kuigawa yote, badala ya milioni 1 tungepata laki 2. Hilo ndilo tulilotoa. Lakini thamani iliyoko nyuma ya hisa za Mzee kabla ya yote ilikuwa milioni 1.67, na baada ya yote ni milioni 1.68. Alizitazama, alama mbili za bluu, hakujibu.

Soko lilikubaliana na kalamu haraka kuliko nilivyotegemea. Biashara ilipoamka, wauzaji walitaka shilingi 170 kwa hisa na wanunuzi walitoa 160. Aliyekosa hisa stahiki za 200 aliweza kununua kwa bei ndogo zaidi sokoni, bila kuvizia dirisha wala kukopa. Baba mdogo hakuacha kutukumbusha kwamba ubishi wake ndio uliookoa milioni 6, na kwa kweli sina la kumjibu, ingawa alikuwa anabishia jambo jingine kabisa.

Shangazi ndiye aliyeumia. Kwa 160, hisa zake mpya 12,000 zimepungua kama laki 4 na 80 kutoka alicholipa, na riba ya Saccos inaendelea juu yake. Anakatwa kila mwezi kwenye pensheni. Nimemsaidia kulipa baadhi ya miezi, na nimemshauri asiuze zote kwa hasira kabla taarifa mbili tatu za robo mwaka hazijatoka chini ya menejimenti mpya. Jambo ambalo ningemwomba mtu yeyote ni hilo la mkopo. Hisa za benki inayoyumba zinunuliwe na fedha ambayo ikipotea yote mtu anakula, analala, na ada inalipwa. Riba haisubiri benki ipone.

Hisa za Mzee tuligawana wanne, 2,500 kila mmoja. Mama alisema zake zikae kwa jina lake asisikie tena habari zake. Mdogo wangu wa mwisho, mwenye kazi bandarini, aliongeza nyingine 5,000 sokoni kwa 165. Anaamini mwekezaji asingetia bilioni 22.5 asipoona kitu, na huenda yuko sahihi. Mimi zangu nimeziacha. Taarifa ya robo iliyopita inaonyesha mikopo chechefu imepungua kidogo na fedha zilizotengwa zimeongezeka sana, maana yake bodi mpya imeanza kukubali hasara za zamani, na faida ya karibuni nisiitarajie. Kaka aliweka oda ya kuuza zake zote kwa 170. Hadi naandika, zimeuzwa 700.